Mdogo wangu anataka kuwa mwandishi wa habari: mambo niliyomwambia, na moja nililojifunza kwa hasara

Likizo iliyopita nilishuka stesheni ya Tabora alfajiri. Mdogo wangu alikuja kunipokea, akanipa shikamoo ya harakaharaka, halafu swali: "Kaka, nikitaka kusomea uandishi wa habari, nianzie wapi?"

Yuko kidato cha tano, anasoma HKL, na ndiye anayesimamia ubao wa habari wa shule yao. Nikamwambia, twende kwanza tukanywe chai. Ukweli ni kwamba nilikuwa navuta muda. Swali hilohilo nilijiuliza mwenyewe miaka mitatu iliyopita, nikalijibu vibaya, na leo nasomea ualimu. Ualimu naupenda sasa, lakini sio kozi niliyoichagua.

Naandika haya kwa sababu kila mmoja wetu hapa chuoni ana mdogo wake, binamu au jirani aliyeko kidato cha tano au cha sita, na wengi wanatuuliza sisi kabla ya kumwuliza mwalimu. Tukiwajibu kwa kubahatisha, wao ndio wanaolipa.

Kosa langu

Matokeo yalipotoka nilikuwa na C ya Kiswahili, C ya Historia na D ya Kiingereza. Si haba. Nikaenda steshenari moja mjini kuombea vyuo. Kijana wa pale alikuwa mwepesi wa kompyuta kuliko mimi. Nikamtajia namba yangu ya mtihani, akajaza kila kitu. Simu yangu ilikuwa imezima, kwa hiyo penye namba ya simu akaweka yake. Neno la siri akalitunga yeye. Nikalipa, nikachukua karatasi yangu, nikaenda zangu shambani Sikonge kumsaidia mzee kufunga marobota ya tumbaku.

Vyuo viwili vilinichagua, kimoja kwa kozi niliyoitaka. Sasa, utaratibu wetu uko hivi: ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa namba maalumu kwenye simu, nayo unaitumia kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Namba yangu ilitua kwenye simu ya yule kijana, ambaye siku ile alikuwa amewajazia watu wengi kama mimi. Hakunijua kwa sura wala kwa jina. Orodha za majina zilitoka mtandaoni, mimi sina bando, nikajua tu kwamba nimekosa. Niliporudi mjini dirisha la kuthibitisha lilikuwa limefungwa. Awamu iliyofuata, kozi niliyoitaka ilikuwa imejaa.

Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mwombaji anaweza kuingia kwenye akaunti yake na kuomba ile namba itumwe upya. Lakini akaunti unaingiaje kama neno la siri liko kichwani mwa mtu mwingine?

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia dogo halikuwa pointi wala insha. Nilimwambia: laini ya simu iwe ya nyumbani, neno la siri ulitunge mwenyewe na uliandike kwenye daftari. Mtu wa steshenari akusaidie kuchapa, asishike funguo zako.

Mlango unavyofunguka

Siku hizi maombi ya shahada hayapiti tena kwenye mfumo mmoja wa TCU kama zamani. Unaomba moja kwa moja kwenye chuo, kila chuo na mfumo wake na ada yake ya maombi. TCU yenyewe inatoa mwongozo kila mwaka, na humo kila kozi imeandikwa sifa zake na idadi ya nafasi zake. Usome mwongozo huo kabla ya kuuliza mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Kiwango cha chini cha jumla kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Yaani D mbili zinakufikisha mlangoni. Lakini kufika mlangoni siyo kuingia. Kozi ikiwa na nafasi chache na waombaji wengi, wenye pointi za juu ndio wanaotangulia. Tena kuna kozi zinazotaja masomo yanayohesabiwa, kwa hiyo A yako ya somo lisilotajwa haikusaidii kitu.

Wanaotaka kozi hii huanza na majina mawili. La kwanza ni Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, TSJ, kilichoanza mwaka 1975. La pili ni SAUT ya Mwanza, iliyotokana na kituo cha mafunzo cha Nyegezi na ikawa chuo kikuu mwaka 1998. Vipo na vingine, na mwongozo unavitaja. Asiombe kimoja tu kwa mapenzi. Aombe vitatu: kimoja cha ndoto, kimoja cha kiasi chake, kimoja ambacho hata matokeo yakiteleza bado kinamtosha.

Jambo jingine ni muda. Matokeo ya kidato cha sita hutoka katikati ya mwaka, na wanaopangiwa JKT kwa mujibu wa sheria wanaweza kuwa kambini wakati huo. Aliyeko kambini Msange hana nafasi ya kuzunguka mjini kutafuta cheti. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, kwa sababu Bodi ya Mikopo inakihitaji, na dirisha la mkopo ni lake peke yake, halifungani na dirisha la chuo. Wapo waliopata chuo wakakosa boom kwa kudhani fomu ni moja.

Pointi hazikufanyi mwandishi

Hapo dogo akaniuliza swali zuri: "Kwa hiyo hakuna atakayeuliza kama najua kuandika?"

Kwa kawaida, hapa kwetu, hakuna. Fomu inauliza namba ya mtihani. Haiulizi ubao wa habari wa shule. Kwa mtoto wa Tabora asiye na mjomba kwenye gazeti, hiyo ni haki kubwa, maana pointi hazijui ukoo. Lakini ina mtego wake. Unaingia darasani na wenzako, wote mna pointi, na siku mwalimu anasema "leteni habari kesho saa nne" ndipo inajulikana nani amewahi kumwuliza mtu asiyemjua swali gumu.

Vyuo vya nje vinaanzia upande wa pili. Missouri ya Marekani ina shule ya uandishi tangu 1908, na Northwestern, ambayo tangu 2008 ina tawi Doha, Qatar, hutazama alama na pia kile mwombaji alichokiandika. Kwa Northwestern insha ni sehemu ya maombi, na barua ya mwalimu anayemjua mwanafunzi ina uzito. Ushindani ni mkali na gharama ni kubwa, kwa hiyo hakuna wa kuombea huko bila kuuliza kwanza habari za ufadhili. Ila somo lao tunaweza kulichukua bure: anza kuandika kabla hujachaguliwa.

Na Tabora ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa New York Herald, alifika hapa akitokea Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Vita vya Mirambo na Waarabu vilikuwa vimeifunga barabara ya Ujiji, akakwama Kwihara karibu miezi mitatu. Baada ya kumpata Livingstone huko Ujiji walirudi pamoja Kwihara mwanzoni mwa 1872, na mahali pale leo ni makumbusho. Habari aliyoipeleka ilisomwa dunia nzima.

Lakini soma kitabu chake kwa jicho la mhariri. Wapagazi anawataja, baadhi kwa majina, kama Sidi Mubarak Bombay. Ila mara nyingi ni watu wa kuhesabiwa, kulipwa na kuchapwa. Mnyamwezi aliyebeba mzigo kutoka pwani aliionaje safari ile? Hakuulizwa. Na siyo kwamba watu wetu hawakuwa na la kusema. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, ambamo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia kwa Kiswahili safari yake ya bara. Kumbe masimulizi yalikuwepo, alihitajika mtu wa kuyauliza na kuyaandika.

Kazi tatu kabla ya kidato cha sita

Nilimpa dogo kazi tatu. Ukitaka, mpe na wako.

Ya kwanza, habari moja ya tumbaku au asali, yenye pande tatu. Si "wakulima wanalalamika" basi. Aulizwe mkulima, aulizwe katibu wa AMCOS, aulizwe mnunuzi. Kila takwimu iandikwe imetoka kwa nani.

Ya pili, mahojiano na mzee mmoja, nusu saa, yaandikwe kwa maneno yake. Amwamkie vizuri, aeleze anaandika nini na kitasomwa wapi, na akikatazwa kuandika jambo fulani aliache.

Ya tatu, habari fupi ya maneno 200 kuhusu jambo lililotokea shuleni, ibandikwe kwenye ubao wakati wahusika wote wapo. Hii ndiyo ngumu. Ukikosea jina la mtu, utakutana naye jikoni kwenye foleni ya uji.

Zote zihifadhiwe kwenye jalada moja zikiwa na tarehe. Hata kama chuo hakitaliuliza, mhariri wa redio utakakoomba mafunzo ya vitendo ataliuliza.

Mlango ukifungwa

Pointi zisipotosha, kuna njia ya cheti na stashahada chini ya NACTVET. Aliyefaulu kidato cha nne kwa D nne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza na astashahada, akapanda hadi stashahada, na akiipata kwa GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada. Isidharauliwe. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake zilitaja stashahada kuwa elimu ya kuanzia.

Na mlango wa pembeni upo pia. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, akaja kuwa mhariri wa The Nationalist na baadaye Daily News, kabla ya siasa kumfikisha Ikulu. Siku hizi sheria imebadilika, lakini lugha, historia na uchumi bado ni mizigo inayouzika chumba cha habari. Ndiyo maana mimi nasomea ualimu na bado naliandikia jarida hili.

Misafara ya zamani haikupita Tabora mbiombio. Ilikaa wiki, pengine miezi, ikitafuta wapagazi na chakula kabla ya kuendelea Ujiji. Kidato cha tano na sita ni hivyohivyo, muda wa kupakia. Anayesubiri matokeo ndipo aanze, atapakia usiku.

Siku ya kuondoka dogo alinisindikiza stesheni. Alikuwa ameshamhoji mzee mmoja anayeuza asali sokoni, kurasa nne za daftari. Nilisoma tukiwa tunasubiri treni. Jina la mzee lilikuwa limeandikwa namna mbili tofauti. Nikamwuliza lipi ni sahihi. Akanyamaza kidogo, akachukua daftari lake, akasema, "Ngoja nirudi nikamwulize." Akaondoka hata treni haijafika.