Ngazi ya Pili Si Adhabu, Lakini Usilale

Mdogo wangu, barua ya shule uliyonitumia nimeisoma. Mwanao wa darasa la pili huko Marekani amewekwa "ngazi ya pili" ya kusoma, na jirani amekutia hofu kwamba ndiyo anatengwa na wenzake. Si kweli, tulia.

Shule nyingi za huko hutoa msaada kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni masomo ya kila siku ya watoto wote. Anayesuasua huongezewa ya pili: anakaa na wenzake wachache, wanafundishwa kile kilichowashinda, mara kadhaa kwa wiki, na darasa lake anabaki nalo. Ya tatu ni msaada mzito zaidi kwa wachache sana. Basi mwache aende, tena umshukuru mwalimu.

Ila fuatilia vipimo. Mara nyingi mtoto husomeshwa hadithi fupi kwa dakika moja, mwalimu akahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, kisha akaweka nukta kwenye grafu. Omba kuiona hiyo grafu. Nukta zikipanda, msaada unafanya kazi. Zikilala chini miezi na miezi huku unaambiwa "tusubiri", usikubali! Mtoto hana mwaka wa kupoteza. Ukihisi ana tatizo la kujifunza, sheria yao ya elimu maalumu, iitwayo IDEA, inakuruhusu kuomba tathmini yake wakati wowote, na mwaka 2011 wizara yao ya elimu iliyakumbusha majimbo kwamba ngazi hizi zisitumike kuichelewesha. Omba kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala. Shule ikikubali, nawe ukitia saini ya ridhaa, kwa kawaida wana siku 60 za kuikamilisha, isipokuwa kama jimbo lenu limepanga muda mwingine.

Halafu, nyumbani kwenu ni Kiswahili. Mtoto anayejifunza Kiingereza hana ulemavu kwa sababu hiyo tu. Mweleze mwalimu anavyosimulia hadithi na anavyosoma kwa Kiswahili, maana hilo shule haiwezi kulijua bila wewe. Na tafadhali, mkikutana na walimu, usimfanye dada yake mkubwa mkalimani wa kikao. Dai mkalimani, shule inapaswa kukupatia bila malipo.

Wiki hii omba hiyo grafu, mdogo wangu, kisha uniandikie umeona nini.