Galoni ya Nani? Mafunzo Niliyopata Visimani, Majoshoni na Mashambani Mbulu na Hanang

Mimi ni fundi wa pampu na mashine za shamba. Kazi yangu inanizungusha Katesh, Basotu, Dongobesh na Haydom, na huku kote lita na galoni bado zinaishi pamoja. Historia ndiyo iliyozikutanisha. Wajerumani waliokuwa na boma lao Mbulu walitumia lita. Kwao ilikuwa kipimo rasmi tangu 1872. Waingereza waliowafuata wakaleta galoni, painti na aunsi. Baada ya uhuru nchi ikarudi kwenye lita, lakini mashine ziliendelea kuja kutoka kila upande, hasa miaka ya 1970 Canada iliposaidia mashamba makubwa ya ngano ya Hanang. Nimeona mkanganyiko huu ukiwaumiza watu wasiohusika nao kabisa, ndiyo maana naandika haya.

1. Kabla ya kuzidisha, uliza galoni ni ya nani

Galoni ya Uingereza ni lita 4.546. Ya Marekani ni lita 3.785. Waingereza waliweka galoni yao mpya mwaka 1824, wakaipima kwa ratili 10 za maji. Wamarekani wakabaki na galoni ya zamani ya mvinyo, ambayo ni ndogo. Tafuta kwenye kibao cha mashine herufi "UK", "Imp" au "US". Zisipokuwepo, tazama ilikotengenezwa. Massey Ferguson ya zamani iliyotoka Coventry na John Deere iliyotoka Marekani hazihesabu galoni moja.

2. Pipa na saa humaliza ubishi

Kijiji kimoja upande wa Hanang kilinunua pampu mpya ya kisima. Kibao kilisema galoni 1,000 kwa saa. Kamati ya maji ikapiga hesabu kwa galoni iliyoizoea tangu pampu ya zamani, ikapata lita 4,546. Tangi likawa halijai kwa wakati, na maneno yakaanza kumwelekea kijana anayeendesha pampu, kwamba anauza maji pembeni. Nilipofika, mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima, aliniambia, "Fundi, hatutaki kumwonea mtoto wa watu. Tupimie."

Tuliweka pipa chini ya bomba la kutolea maji, tukalitia alama ya lita 200, nikafungua saa ya simu. Maji yalifika kwenye alama baada ya dakika 3 na sekunde 10. Kwa galoni ya Uingereza yangefika kwa dakika 2 na sekunde 38. Lita 200 kwa sekunde 190 ni karibu lita 3,790 kwa saa, yaani galoni 1,000 za Marekani. Pampu ilikuwa nzima na kijana hakuwa na kosa. Kwa saa 5 za kazi, tofauti hiyo ni madumu 190 ya lita 20, na kijana alikuwa anadaiwa hayo yote, maji ambayo hayajawahi kutoka ardhini.

Pipa lenyewe lipime kwanza kwa ndoo unayoiamini. La galoni 44 za Uingereza hubeba lita 200. La galoni 55 za Marekani hubeba lita 208.

3. Kwenye josho, galoni isiyo sahihi inafuga kupe

Majosho ya zamani yalipimwa kwa galoni, na ukutani unaweza kukuta namba tupu. Chukua josho la galoni 3,000 lililojengwa enzi ya Mwingereza. Hilo ni la lita 13,638. Dawa ikitakiwa lita 1 kwa kila lita 500 za maji, unahitaji lita 27.3. Lakini ukitafuta galoni kwenye simu, mara nyingi jibu linalotangulia ni la Marekani. Utapata lita 11,356, utatia dawa lita 22.7, na josho litapungukiwa lita 4.6 za dawa, karibu sehemu moja kati ya sita.

Mfugaji aliyeswaga ng'ombe tangu alfajiri anarudi nyumbani akiamini wameogeshwa. Kumbe kupe dhaifu wamekufa na wenye nguvu wamebaki kuzaliana, na kila msimu dawa inazidi kushindwa. Ndigana kali ikiingia zizini, hasara ni ya ndama, na ndama ndiye ada ya shule. Kwa josho, usikisie wala usikadirie. Lipime upya kwa lita, na kwenye fimbo ya kupimia kina weka alama kila baada ya lita 1,000.

4. Painti nazo ni mbili

Painti ya Uingereza ni mililita 568; ya Marekani ni 473. Injini inayotaka painti 12 za oili inataka lita 6.8 kwa kipimo cha kwanza, na lita 5.7 kwa cha pili. Ukipunguza, beringi zinaungua. Ukizidisha, sili zinaanza kuvuja. Mimina kidogo kidogo, subiri oili ishuke, kisha usome kijiti.

5. Lita ya dawa haina maana bila ukubwa wa shamba

Kibandiko cha kiuatilifu kikisema lita 1 kwa hekta, kwa ekari ni mililita 405, kwa kuwa hekta ni ekari 2.47. Kikisema aunsi 16 za Marekani kwa ekari, ni mililita 473. Hapo umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ekari yenyewe.

Huku kwetu ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa yadi moja, yaani sentimita 91, hesabu ni nzuri: yadi za mraba 4,900, wakati ekari halisi ni 4,840. Lakini wapo wanaonyoosha utepe mita 70 kwa 70. Shamba hilo ni ekari 1.21. Ukilipulizia dawa ya ekari moja, utakuwa umepunguza karibu sehemu moja kati ya sita, na magugu hayatakuonea huruma. Pima shamba kwanza, halafu pima dawa kwa sirinji badala ya mfuniko.

6. Debe na ndoo havilingani

Debe la bati, lile la mafuta ya taa, lilikuwa la galoni 4 za Uingereza: lita 18.2. Ndoo ya plastiki ni lita 20. Anayekuja kununua maharage kwa bei ya debe, kisha anapimia ndoo, kwa kila ndoo 10 anaondoka na lita 18 za ziada, karibu debe zima la bure, kabla hata hajaweka kilele. Mama, uliza chombo ni cha lita ngapi kabla hujafungua gunia. Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo ni bora kuliko vyote viwili.

7. Lita si kilo

Lita ya maji ni kilo moja, na wengi wanadhani kila kimiminika ni hivyo. Lita 20 za mafuta ya alizeti zina uzito wa kilo 18.4 hivi. Lita 20 za asali ni karibu kilo 28. Mnunuzi akisema bei ni ya kilo, kisha akahesabu dumu lako la asali kuwa kilo 20, kilo 8 za jasho la nyuki na lako zimepotea hapo hapo mnadani.

8. Beba hesabu tatu kichwani

Galoni ya Uingereza: zidisha kwa 9, gawa kwa 2. Galoni 40 ni lita 180. Jibu kamili ni 181.8. Galoni ya Marekani: zidisha kwa 4, toa sehemu moja ya ishirini. Galoni 40 ni lita 152. Jibu kamili ni 151.4. Na galoni 5 za Uingereza ni sawa na 6 za Marekani. Hizi zinatosha kuulizia bei ya tangi au kubaini kibao kinachokudanganya. Kwa dawa ya mifugo na ya mimea tumia namba kamili.

9. Ukishapata lita, ziandike kwa rangi

Mafundi wanahama, kamati zinabadilika, na kitabu cha mashine kinaliwa na panya. Kila pampu, tangi na josho ninalolipima sasa naliandikia ujazo wake kwa lita, pamoja na tarehe, mahali ambapo kila mtu anasoma. Kopo dogo la rangi linatosha kazi nyingi. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya maji au ya josho, lianzishe jambo hili kwenye kikao chenu kijacho, ili asitokee tena kijana wa kutuhumiwa wizi kwa sababu ya galoni ya nchi nyingine.