Kozi ya Jinsia Chuo Kikuu: Je, Mtoto Akaisome?

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotoka, wazazi wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini hutujia ofisini na karatasi yenye majina ya kozi. Uuguzi wanaujua. Ualimu wanaujua. Lakini ikifika "Jinsia na Maendeleo" mzee anaweka karatasi chini. "Hiyo inafundisha nini? Niuze mitamba mtoto akasomee mambo ya akina mama?" Swali lake ni la haki. Karo si mchezo, na ule ukame wa 2021 na 2022 uliacha maboma mengi na ng'ombe wachache. Basi, ndugu msomaji, katika somo hili tuangalie kozi hii ni nini hasa na inamfaa nani.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Wenzetu wa Tanzania hutenganisha vizuri kutuliko. Jinsi ni maumbile ya mtu, mume au mke. Jinsia ni yale ambayo jamii imempangia kwa sababu ya maumbile hayo: kazi, mali, sauti katika kikao. Ujinsia ni mambo ya mwili, mapenzi na uzazi, pamoja na jinsi jamii inavyoyaongoza. Sisi Wakenya tunasema "jinsia" kwa yote, au tunasema "jenda" tukiwa na maana ya akina mama tu. Kwa Wamaasai, mwanamke ndiye hujenga nyumba, enkaji. Je, kuna msichana aliyezaliwa anajua kukandika samadi ukutani? Alifundishwa. Vilevile kijana hazaliwi morani, anafanywa morani. Hayo yote ni jinsia, na nusu ya somo inahusu wanaume.

Kozi za namna hii hazina umri mkubwa. Chuo cha San Diego huko Marekani kilianza programu ya masomo ya wanawake mwaka 1970. Kwetu, Nairobi ilipokea mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake mwaka 1985, na mwaka 1991 Makerere ikafungua idara yake ya masomo ya wanawake, ambayo leo ni Skuli ya Masomo ya Wanawake na Jinsia. Hapa nchini Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Egerton, kule Njoro, vimefundisha jinsia na maendeleo. Kuhusu ujinsia, kitabu kinachotajwa sana ni kile kikubwa alichohariri Profesa Sylvia Tamale wa Makerere mwaka 2011, kilichokusanya maandishi ya Waafrika wenyewe. Kwa hiyo anayesema somo hili lote ni la Wazungu hajatazama majina ya walioandika.

Sasa tuje nyumbani, tuone somo hili linavyofanya kazi. Chukua ardhi ya Kitengela. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za vikundi, na walioandikwa kwenye rejista walikuwa karibu wote wanaume, kama wakuu wa familia. Ranchi zilipogawanywa, kuanzia miaka ya 1980, hati zilitoka kwa majina yaleyale. Mwenye hati akauza ekari tano, kisha kumi, na mama akajua siku alipoona watu wanaweka bikoni karibu na zizi. Mwanafunzi wa jinsia haishii kusema "wanaume ni wabaya". Anauliza: nani aliandikwa? Kwa nini? Sheria ilisema nini? Akichimba atakuta kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliacha ardhi ya kilimo na mifugo ya wilaya kadhaa chini ya mila, na Kajiado na Narok zilikuwa miongoni mwao. Yaani binti wa Nyeri alikuwa na sheria ya kutaja mahakamani, binti wa Kajiado hakuwa nayo. Mwaka 2008 Mahakama Kuu, katika kesi ya urithi wa Lerionka ole Ntutu wa Narok, iliamua kwamba mabinti pia warithi. Halafu ikaja Katiba ya 2010, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inayosema kwamba katika ndoa ya mke mmoja mali ya ndoa haiuzwi bila wote wawili kukubali. Na boma lenye wake watatu je? Hapo ndipo darasa linapoanza kuwa moto.

Tena hata neno "mila" lenyewe linachunguzwa. Mtafiti Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Wamaasai wa Tanzania, alionyesha kwamba serikali ya kikoloni, kwa kuwatambua wanaume peke yao kama wakuu wa kaya na wenye mifugo, ilipunguza haki ambazo wanawake walikuwa nazo zamani. Jambo hilo huwashangaza wazee. Wengine hukaa kimya, halafu husema, kweli, bibi yangu alikuwa na ng'ombe wake.

Upande wa mwili ndio unaowatia wazazi hofu zaidi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba karibu wanawake 78 kwa mia wa Kimaasai walikuwa wamekeketwa. Sheria ya kukataza ilikuwapo tangu 2011. Na mwaka huohuo wa 2014, hapa Kajiado, akina mama waliandamana kuipinga. Akina mama wenyewe! Mwaka 2017 daktari mmoja, Tatu Kamau, akaenda mahakamani akidai mwanamke mzima aachwe aamue mwenyewe. Machi 2021 Mahakama Kuu ikakataa. Anayetaka kusaidia wasichana wetu lazima awaelewe wale walioandamana, walikuwa wanalinda nini, la sivyo ataishia kuhubiria watu walioziba masikio.

Ni kweli pia kwamba mtoto atasoma mambo ambayo Kanisa lina mafundisho yake, kama uzazi wa mpango, na mapenzi ya watu wa jinsi moja pamoja na hukumu ya Mahakama Kuu ya Mei 2019 iliyoacha sheria kama ilivyo. Mtihani haumwulizi anaamini nini. Unauliza kama ameelewa hoja na ushahidi. Mimi naona kijana aliyekaa vizuri katika imani yake haharibiki kwa hilo. Aliyelelewa kwa kukatazwa maswali ndiye hupata shida.

Kuhusu kazi, tusidanganyane. Wengi walitegemea mashirika, na tangu fedha za misaada za Marekani zilipokatwa mwaka 2025 mashirika mengi yamepunguza watu. Serikali za kaunti zina ofisi za jinsia, lakini nafasi ni chache. Kwa hiyo ushauri wangu: mtoto achukue jinsia pamoja na kitu cha kushika mkononi, kama takwimu, sheria au uchumi. Aulize kama kozi ina mafunzo ya nje, vijijini. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisheni kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kuingia shahada kunahitaji C+ kwa jumla. Asiyeifikisha aanze na diploma ya maendeleo ya jamii. Nami nilianzia hapo, na mkate naula. Vijana wa kiume nao msiwazuie. Kikao cha wazee humsikiliza kwa urahisi zaidi kijana wao akisema juu ya hati ya dada yake.

Kwa majadiliano katika kikundi: Katika boma lako, nani anaamua ng'ombe gani auzwe, na fedha za maziwa hukaa na nani? Hati ya shamba ina jina la nani? Mwaka 2013 Kajiado Mashariki ilimchagua Peris Tobiko, mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge, ingawa baadhi ya wazee walimpinga hadharani. Walikuwa wanahofia nini?