Kura ya njano

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, Urusi na Ukraine wanapigana huko kwao, kwa nini mafuta ya kula yapande bei hapa?" Hilo nililimudu: ngano, alizeti, mbolea, nikajaza ubao. Akaongeza, "Sasa sisi tuko upande wa nani?" Nikajibu kwamba Tanzania haikwenda hata kupiga kura Umoja wa Mataifa, inaogopa wakubwa. Darasa likacheka, nami nikatoka nikijiona mwalimu kweli kweli.

Nilikuwa nimepotosha watoto wa watu.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipigia kura azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 zilijizuia na 12 hazikushiriki kabisa. Tanzania ilikuwa kwenye zile 35. Mle ukumbini kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, njano ni kujizuia. Yaani aliyebonyeza njano amekuja, amekaa kwenye kiti chake, na jina lake limeandikwa. Si sawa na mtoro.

Tazama na majirani. Uganda na Burundi njano, Kenya na Rwanda kijani. Jumuiya moja, kura mbili! Kenya ilishajieleza mapema: Februari 21 balozi wake, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Waafrika tulirithi mipaka ya wakoloni, tukaamua kuishi nayo badala ya kumwaga damu.

Njano nayo ina hesabu zake. Mbolea inatoka kwa huyu, misaada kwa yule, na silaha za ukombozi wa kusini mwa Afrika nyingi zilitoka Moscow. Tena njano huleta wageni. Julai 2022 Lavrov alikuwa Uganda. Hazikupita wiki mbili, akafika balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, Linda Thomas-Greenfield. Wote wanabisha hodi mlango uleule. Ila tusijidanganye, kubembelezwa si kusikilizwa: Julai 2023 Urusi ilijitoa kwenye mpango wa kusafirisha nafaka kupitia Bahari Nyeusi, na hakuna aliyeuliza nani alibonyeza njano.

Na ule "woga" niliousema? Desemba 1965 Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukatupita. Nchi maskini kuchagua upande inaweza. Bili ndiyo inakuja.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikafuta jibu langu mbele yao. Aibu, lakini basi. Yule kijana hakuniacha: "Wewe mwalimu ungebonyeza ipi?" Nikasema kijani. Nusu ya darasa ikanipinga, mmoja akinikumbusha mbolea ya baba yake, tukabishana mpaka mwalimu wa Hesabu akaja kudai kipindi chake.