Fimbo na Pesa Siku ya Mfungo

Somo: Kumbukumbu la Torati 17:8-13, Mambo ya Walawi 23:4, 27

Hebu tuanze na swali gumu kidogo. Kiongozi aliyepewa mamlaka ya kuamua akikosea, na wewe unajua kabisa amekosea, utamtii?

Torati iliagiza kesi ngumu zipelekwe kwa makuhani na mwamuzi wa wakati huo, na uamuzi wao usikiukwe. Marabi, yaani walimu wa sheria wa Wayahudi, walijiona warithi wa kazi hiyo. Baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, baraza lao lilikaa Yavne, likiongozwa na Rabi Gamalieli, mjukuu wa yule Gamalieli wa Matendo 5.

Sikukuu zilihesabiwa kuanzia siku mwezi ulipoandama, na baraza lilitegemea mashahidi. (Majirani wetu Waislamu wanaujua ubishi huu!) Mishna inasimulia kwamba mashahidi wawili walidai wameuona mwezi, lakini usiku uliofuata haukuonekana. Gamalieli akawakubali hivyo hivyo. Rabi Dosa akasema hao ni waongo: mwanamke atajifunguaje leo, na kesho tumbo liwe bado liko pale pale? Rabi Yehoshua akakubaliana na Dosa.

Basi kwa hesabu ya Yehoshua, Siku ya Upatanisho iliangukia tarehe nyingine. Gamalieli akamtumia amri: siku hiyo unayoihesabu wewe, njoo kwangu na fimbo yako na pesa zako. Kwa Myahudi hilo si jambo dogo. Ni kumwambia mtu avunje utakatifu wa siku ya mfungo mkuu kuliko yote, mchana, watu wakiona.

Rabi Akiva alimkuta amefadhaika. Akamwonyesha kwamba Walawi 23:4 inawaachia watu kazi ya kuzitangaza sikukuu. Kwa hiyo siku iliyotangazwa na baraza ndiyo siku, wakipatia au wasipatie. Yehoshua akaenda kwa Dosa. Huyo huyo aliyewaita mashahidi waongo akamwambia: tukianza kuikagua mahakama ya Gamalieli, itabidi tuzikague zote tangu siku za Musa.

Angalia hapo. Hakuna hata mmoja aliyemwambia Yehoshua kwamba hesabu yake ina kosa.

Akashika fimbo na pesa, akaenda Yavne. Gamalieli akainuka, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima na mwanafunzi wake kwa utii.

Wengi hukomea hapo wakihubiri utii. Mimi naona ni mapema mno, kwa sababu Talmudi inaendelea. Gamalieli alimwaibisha Yehoshua tena, safari hii akamwacha amesimama mbele ya wanafunzi huku yeye amekaa akifundisha. Watu wakanung'unika, wakakumbuka na yale ya mfungo, wakamwondoa kitini.

Ndipo akaenda nyumbani kwa Yehoshua kuomba msamaha. Akaona kuta nyeusi kwa masizi, akasema, kumbe wewe hufanya kazi ya makaa! Yehoshua akamjibu kwamba ole wao watu wanaoongozwa na mtu asiyejua wenzake wanakula nini na wanateseka vipi. Mwanzoni alikataa hata kumtazama. Mwishowe alimsamehe, kwa heshima ya baba yake.

Gamalieli akarudishwa kitini. Lakini kuanzia hapo zamu ya kufundisha aligawana na Rabi Elazari, kijana aliyekuwa amewekwa mahali pake.