GTX 1060 au RX 580: Kabla Hujanunua Kadi ya Michoro ya Mtumba

Anayetafuta kadi ya michoro ya bei nafuu, ya kuchezea magemu kwenye skrini ya kawaida ya 1080p, hachelewi kutajiwa majina mawili: GTX 1060 ya Nvidia na RX 580 ya AMD. Ni kadi za zamani. Ya kwanza ilitoka Julai 2016, ya pili Aprili 2017. Bado zinazunguka sokoni, hasa kwa sababu Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na wachimbaji duniani kote wakauza walizokuwa nazo. RX 580 ilikuwa kipenzi chao.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni ipi ina nguvu. Ukisoma takwimu za kiwandani utadhani jibu liko wazi. GTX 1060 ina viini 1,280, RX 580 inavyo 2,304. Nguvu ya hesabu ya Nvidia ni teraflopi 4.4 hivi, ya AMD ni 6.2 hivi. Memori ni GB 6 kwa GB 8, na kasi ya kupitisha data ni GB 192 kwa sekunde dhidi ya 256. Anayeishia hapo ataapa kwamba RX 580 inamwacha mwenzake kwa zaidi ya theluthi. Ndani ya gemu haiwi hivyo. Viini vya kampuni hizi mbili havikuundwa kwa namna moja, na kuvilinganisha kwa idadi ni sawa na kupima mbio za bajaji na pikipiki kwa kuhesabu magurudumu.

Kinachopimwa kwenye gemu ni fremu kwa sekunde. Gemu za DirectX 11, kama GTA V, kwa kawaida ziliipendelea 1060. Zile za DirectX 12 na Vulkan, Doom ya 2016 ikiwa mfano maarufu, ziliipa 580 nafasi ya mbele. Kadiri miaka ilivyosonga na gemu mpya zikazidi kula memori, zile GB 8 zikaanza kulipa, na leo RX 580 iko mbele kidogo. Kidogo tu: bila kaunta ya fremu kwenye kona ya skrini, wengi wasingeitambua tofauti hiyo. Hakuna kati yao yenye DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha, wala vifaa maalumu vya kufuatilia miale ya mwanga. FSR ya AMD ya matoleo ya awali, inayoongeza fremu kwa kukuza picha ndogo, hufanya kazi kwenye zote mbili.

Tofauti inayouma zaidi imejificha ndani ya jina lenyewe. GTX 1060 ziko zaidi ya moja. Ile ya GB 3 haikupunguziwa memori pekee, bali na viini pia, vikabaki 1,152. RX 580 nayo iko ya GB 4, na iko iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018 ikiwa na viini 2,048, ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyovishwa jina la dada yake. Hiyo hupatikana sana kwenye maduka ya mtandaoni ya China, na mara nyingi tangazo halisemi. Mtu anaweza kukesha akibishana Nvidia na AMD, kisha akanunua toleo dogo na kupoteza zaidi ya alichokuwa akikibishania. Halafu ziko feki kabisa: chipu za kale za Nvidia zilizobadilishwa BIOS ili zijitambulishe kama 1060.

Dawa ni programu ya bure iitwayo GPU-Z. Ifungue mbele ya muuzaji, soma idadi ya viini na memori, ulinganishe na tarakimu nilizotaja hapo juu. Tangu 2018 programu hiyo inatambua kadi nyingi za Nvidia zilizoghushiwa na kukuonya.

Sasa umeme, ambao kwa wengi wetu ndio unaoamua. GTX 1060 hula wati 120 na kwa kawaida huhitaji waya mmoja wa pini 6. RX 580 hula wati 185 na huhitaji pini 8, kwenye baadhi ya matoleo zaidi ya hapo. Kompyuta nyingi za ofisi zinazoingia Afrika Mashariki zikiwa zimetumika huja na pawasaplai ndogo: Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo ina wati 240, na hata ile ya mnara ina 275, bila waya wa kadi ya michoro. Ukiwa na mashine ya aina hiyo, bei ya kadi ni nusu ya hesabu. Umbo dogo halina hata nafasi ya kadi nene na ndefu kama hizi. Kwenye mnara, badilisha pawasaplai kwanza. Usikubali fundi akuungie kwa waya wa diski. Kuhusu bili, tofauti ya wati 65 kwa saa nne kila siku ni karibu uniti 8 kwa mwezi. Si msiba, ila ukiendesha kibanda cha magemu chenye mashine sita kutwa nzima, mita ya LUKU itakukumbusha.

Kwa kazi zisizo gemu, mizani inageuka. Blender, programu ya 3D, iliondoa OpenCL, njia iliyotumia kuzipa kadi za AMD kazi, katika toleo la 3.0, Desemba 2021, na tangu hapo RX 580 haitumiki kurenda kwa Cycles, injini yake ya kurenda. Kazi yote huiangukia prosesa. GTX 1060 iliendelea kupitia CUDA ya Nvidia. Mwanafunzi wa usanifu majengo au mchoraji wa vibonzo vya 3D asihangaike na 580. Mtumiaji wa Linux, kinyume chake, ataipenda, kwani draiva huria za AMD zimo ndani ya mfumo. Kwenye Windows zote zimezeeka: Oktoba 2025 Nvidia ilifikia mwisho wa draiva za magemu kwa kizazi cha 1060, ikaahidi za usalama tu hadi Oktoba 2028. AMD iliitenga 580 kwenye tawi la masasisho machache mwishoni mwa 2023.

Ukipata bahati ya kuzijaribu zote, zifunge kwenye mashine ileile, gemu ileile, mipangilio ileile, na uzime V-Sync, inayofungia fremu kwenye kasi ya skrini, la sivyo kwenye skrini ya kawaida zote zitaishia kwenye 60. MSI Afterburner itakuonyesha fremu na joto. Usitosheke na wastani: kadi yenye wastani wa 70 inayoporomoka hadi 25 kila mlipuko unapotokea hukera kuliko inayokaa 55 bila kuyumba. Acha gemu iende dakika 20, kwa sababu 1060 huanza kujipunguza kasi inapokaribia nyuzi 83, na chumba cha Mombasa au Dar mwezi Januari si maabara yenye kiyoyozi. Kisha shusha picha hadi 720p. Fremu zisipoongezeka, kizuizi ni prosesa, na kadi yoyote kati ya hizi itakupa matokeo yaleyale. Pesa yako iende huko.

Kwa anayecheza tu na mwenye pawasaplai ya kweli ya wati 500, RX 580 ya GB 8 yenye viini 2,304 ndiyo ya kuchukua. Kwa mwenye pawasaplai ya wastani, au anayerenda, GTX 1060 ya GB 6. Matoleo mengine ya majina hayo, hata yakishushwa bei, waachie wenyewe.