Shimo Lililogeuka Msitu

Watoto wa Kisenge, ninyi mnajua shimo la mgodi ni kitu gani. Tangu miaka ya 1950 watu walichimba manganezi katika nchi yenu. Magari ya moshi yaliyachukua mawe yale meusi mpaka Lobito, bandari ya Angola, na meli zikayapeleka ng'ambo kutengenezea chuma kigumu. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga njia ile ya reli. Mali ilikwisha kwenda, shimo lilibaki.

Je, nchi iliyochimbwa hivi yaweza kupona? Sikilizeni habari za Bwana René Haller.

Mwashi hujenga nyumba kwa mawe. Lakini wako watu wengine ambao kazi yao ni kutengeneza sura ya nchi yenyewe. Hao hujenga kwa udongo, kwa maji na kwa miti. Bwana Haller alikuwa fundi wa namna hiyo. Alizaliwa Uswisi mwaka 1933, akajifunza kazi ya bustani na kilimo cha nchi za joto. Mwaka 1956 alifika Tanganyika kusimamia shamba la kahawa. Mwaka 1959 alihamia Bamburi, karibu na Mombasa, pwani ya Kenya. Huko aliajiriwa na kampuni ya simenti.

Simenti hutoka katika mawe ya chokaa. Mawe ya Bamburi ni matumbawe ya zamani sana, yaani mifupa ya wanyama wadogo wa baharini. Mashine zilichimba mpaka karibu kufika kwenye maji yaliyo chini ya ardhi, kisha zikasogea mbele. Nyuma yake palibaki jangwa jeupe. Udongo hapana, kivuli hapana. Jua lilichoma mwamba, na maji yalikuwa na chumvi.

Mwaka 1971 Bwana Haller alianza kupanda miti humo shimoni. Alijaribu aina 26. Karibu zote zilikufa. Zilisalia aina tatu tu: mnazi, mti mmoja wa nchi ya Somalia, na mvinje. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye aliitazama ile iliyopona.

Mvinje ndio uliokua upesi kuliko yote. Mti huu huvumilia chumvi. Tena katika mizizi yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua chakula cha mti kutoka katika hewa. Kwa hiyo mvinje huweza kuishi mahali ambapo miti mingine hufa kwa njaa.

Lakini tazameni, shida nyingine ilikuja. Majani ya mvinje ni membamba kama sindano. Yalianguka, yakarundikana, wala hayakuoza. Pasipo kuoza hapana udongo; na pasipo udongo, mti mwingine utaota wapi?

Aliyeleta msaada hakuwa mashine wala mtu mkubwa. Alikuwa jongoo! Bwana Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akila majani yale makavu. Basi wakakusanywa majongoo kwa mamia, wakatiwa katika shimo. Walikula, wakazaana, na mavi yao yakawa mbolea. Kidogo kidogo mwamba ukafunikwa na udongo mweusi.

Kisha kila kitu kilifuata kwa zamu yake. Miti ya namna nyingine ilipandwa, na ndege wakaja. Yalichimbwa mabwawa, yakafugwa samaki. Wakaletwa viboko, twiga na pofu. Mwaka 1984 njia ya matembezi ilifunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulimpa Bwana Haller heshima kwa kazi hiyo. Mahali pale sasa huitwa Haller Park.

Watoto, msidhani kwamba mvinje utaponya kila shimo. Nchi ya Kisenge si pwani, na mawe ya manganezi si chokaa. Dawa ya Bamburi ilipatikana kwa kujaribu, kwa kutazama sana, na kwa kutodharau kilicho kidogo. Nendeni pembeni mwa shimo la zamani, mahali pasipo hatari. Tazameni: ni mche gani umeota wenyewe kati ya mawe? Ni mdudu gani anakaa chini yake? Huenda mwalimu wa kwanza wa kazi hiyo yuko hapo.

Haba na haba hujaza kibaba.

MANENO
Mwashi: fundi wa kujenga kwa mawe.
Pofu: mnyama mkubwa wa pori, jamaa ya swala.
Kurundikana: kuwa chungu kimoja juu ya kingine.

MAULIZO
1. Kwa nini miti mingi ilikufa katika shimo la Bamburi?
2. Mvinje hupataje chakula mahali pasipo udongo?
3. Jongoo alifanya kazi gani?
4. Andika majina ya miti mitatu iotayo karibu na kwenu mahali penye mawe.